Kizito Amekataa Mayai

Mbarara, 6 Aprili 2025

Kwako Mama Nabintu, mama wa mume wangu,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Mimi ni mzima kiasi. Gradi na Madeleine hawajambo? Madeleine anakwenda shule, au tumbo bado linamuuma kila Jumatatu? Mwambie mimi mama yake najua habari za hilo tumbo. Wasalimie majirani wote, na mbuzi wa Kizito usimsahau, maana mwenyewe anamuulizia kabla ya kuniuliza mimi kama nimekula.

Utashangaa kwamba nakuandikia barua na simu zipo. Simu haifai hapa. Kizito amelala kitandani hapa hospitali, mimi nalala kwenye mkeka chini yake, na masikio ni kitu pekee mwilini mwake ambacho hakikuumia. Nikinong'ona tu ameshasikia. Na wewe ukiipokea simu pale unapochajisha, mtaa mzima wa wakimbizi wa Base Camp unapokea nawe. Kwa hiyo kila jirani yetu Venuste akija huku kununua bidhaa za duka lake, nitampa karatasi.

Ulishasikia kwamba lori la matofali lilimbana ukutani kule Ruti, likirudi nyuma. Nyonga imevunjika, mbavu tatu, na paja la kushoto. Walimpasua tumbo siku ileile kwa sababu damu ilikuwa inavujia ndani. Kuna kitu wamekitoa humo, nitakueleza siku nyingine.

Lakini Mama, mifupa siyo iliyonitisha. Siku zilizofuata alivimba mwili mzima, hata fasi ambazo lori halikumgusa. Uso, vidole, kope. Ningepita karibu naye nisimjue. Homa ikapanda, nikajua kidonda kimeoza. Nesi wa wodi yetu, anaitwa Ntwari, akaniambia hapana, hakuna mdudu yeyote wa ugonjwa bado. Huyu ni binti wa mwanajeshi, amezaliwa Makenke ndani ya kambi, na Kiswahili chake ni cha hukohuko. Akasema: "Wewe mama, sikia. Mwili yake imeona nyama imepondwa, ikafikiri ni adui ameingia. Sasa askari yote imetoka mara moja, inapiga kila kitu. Hata nyumba yao wenyewe inapiga." Nikamuuliza, mpaka lini? "Mpaka risasi iishe. Na hapo ndio mimi naogopa."

Tangu aseme hivyo situlii. Nakaa, nasimama, nazunguka kitanda, nakaa tena.

Daktari anasema ale sana, mayai, samaki, nyama, maziwa. Mwili unapojijenga baada ya kupondwa unajila wenyewe, na miguu yake kweli imeanza kuwa fimbo. Hapa kila mgonjwa anapikiwa na mtu wake. Nina sufuria moja na jiko la makaa nyuma ya wodi. Nitumie samaki wa kukausha kama wapo.

Mkwe wako,
Bénédicte


Nakivale, 13 Aprili 2025

Mukamwana wangu Bénédicte,

Bwana asifiwe tena. Barua yako nimeipata, ilikuwa inanuka sabuni ya Venuste. Batoto ni bazima. Tumbo la Madeleine lilipona siku nilipomuonyesha majani ya muarobaini, hata hakuyaonja. Gradi anakula sawa mutu mukubwa. Mahindi ya Ngarama yametoka vizuri, nilienda kupalilia Alhamisi na mugongo bado unaniuma. Mbuzi amekula kitambaa chako cha kichwa, kile cha njano. Usilie, kilikuwa kimezeeka.

Sasa tuingie mu habari. Usiniletee mambo ya askari mu mwili wa mwanangu. Askari ninabafahamu, njo balinitoa kwetu. Huyo nesi akatafute mufano mwingine.

Sisi ba chumba cha maombi tumekaa kuomba juu ya Kizito. Tumeanza mufungo wa mboga mpaka Pentekoste. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai wala maziwa. Ni sombe, lengalenga na uji, basi. Na mugonjwa mwenyewe lazima aingie, mufungo bila mwenye shida ni kelele tu. Kwetu Kaziba ilikuwa hivyo. Baba mukwe wako akiwa kijana muti ulimuangukia mu mguu. Kanisa likafunga, naye akafunga palepale mu kitanda, na akatembea mpaka akaja kunioa. Unafikiri alitembea kwa mayai?

Nadhiri nimeiweka mimi mama yake kwa jina lake, na mwenye kuiweka njo mwenye kuifungua. Mwambie hivyo. Juu ya hiyo nadhiri, samaki situmi.

Na kile kitu balitoa mu tumbo ni nini? Wewe unaandika mingi lakini hapo umeruka sawa mutu anavuka tope.

Mama yako,
Nabintu


Mbarara, 24 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Pasaka njema, japokuwa imeshapita. Sisi tuliisikia kwa redio ya mgonjwa wa dirishani. Pole na mgongo. Kitambaa cha njano sikililii, ila huyo mbuzi tutaonana.

Nina habari njema. Uvimbe umeshuka, na Kizito amerudi kuwa na sura yake. Homa imekwisha kabisa. Juzi alikaa akiegemea mto, akanitazama, akasema, "Bénédicte, mbona umekonda, umelazwa na wewe?" Nilicheka mpaka nikatoka nje kujifuta machozi. Wagonjwa wengine wakadhani kuna mtu amekufa.

Ntwari peke yake ndiye hafurahi. Anapita, anampima, ananuna. Nikamwambia homa si imekwisha? Akasema, "Imekwisha ama imechoka? Mimi sijui bado. Wewe lisha huyu mtu." Basi mimi namlisha.

Neno lako la mfungo tumelipokea, Mama. Tunawashukuru wote wa chumba cha maombi, Mungu awabariki.

Kitu walichokitoa ni kidogo, watu wengi wanaishi bila hicho. Usijisumbue.

Gradi aache kupanda kwenye paa la Venuste. Venuste amekuja kumshtaki kwangu huku.

Bénédicte


Nakivale, 4 Mei 2025

Bénédicte,

Batoto bazima. Mvua inanyesha.

Barua yako ya Pasaka niliisoma mbele ya bantu bote, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Homa imetoka ndani ya juma la pili la mufungo, nani atakataa mukono wa Mungu? Nilitembea Base Camp yote nikisema mwanangu amepona.

Halafu Jumanne Venuste alipita ku wodi kumuona. Wewe ulikuwa umeenda kufua. Akampa Kizito simu yake, tukazungumza, mimi na mwanangu, mara ya kwanza toka aumie. Nilisikia sauti yake nikakaa chini. Nikamuuliza, mufungo unaendaje? Akaniuliza, mufungo gani, Mama?

Mufungo gani, Bénédicte.

Sisi tunakula majani hapa, bamama bazee ba magoti mabovu, juu ya mume wako, na wewe unamukaangia mayai na kuniandikia Mungu abariki. Nilikupokea mu nyumba yangu ukiwa binti mwembamba hujui kusonga ugali. Sijakusema vibaya ku muntu hata siku moja. Kama ulikuwa unakataa, ungeniambia unakataa.

Sasa amejua. Ameapa kwa kinywa chake, mu simu, mimi nasikia. Mpaka Pentekoste. Usimuwekee yai mbele tena.

Nabintu, mama ya Kizito


Mbarara, 12 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nimestahili hasira yako ya kwanza, ile ya kufichwa. Sikuweza kukuambia hapana. Nani aliwahi kukuambia hapana katika nyumba hiyo? Nikanyamaza, nikakaanga mayai. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini sasa nisome taratibu, usisome ukiwa umesimama.

Kizito amekataa mayai. Amekataa samaki, maziwa, hata supu kama imegusa mfupa. Nikimuwekea sahani anaisukuma kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. "Nimeapa kwa Mama." Nikilia, ananishika mkono na kuniambia nivumilie mpaka Pentekoste. Walimuwekea mrija puani wamlishe nao, akauchomoa. Kidonda cha paja kilikuwa kimeanza kufunga, sasa kimeacha. Mikono yake naizungushia vidole viwili vinakutana.

Na ameanza kukohoa. Makohozi ni ya kijani na yananuka. Juzi nilimshika paji la uso nikitegemea moto, nikakuta baridi. Nilifurahi, Mama. Nilikimbia kumuita Ntwari nikamwambia anakohoa lakini homa hana, Mungu yupo. Akampima, akapima tena, akatoka mbio kwenda kumuita daktari. Ndipo daktari akanikalisha. Akaniambia mtu mwenye ugonjwa kifuani kama huu anapaswa kuungua. Homa ni mwili unapigana. Mara ya kwanza mwili wa Kizito ulitumia nguvu zote kwa pigo moja, na aliyeumia hivyo baadaye hubaki mtupu kwa majuma mengi. Hapo ndipo wadudu wanaingia, na hapo ndipo anahitaji chakula cha kutengeneza nguvu nyingine. Huyu hana. Haungui kwa sababu hana cha kuwashia.

Hiyo homa iliyotoka, tuliyoimbia, haikuwa kupona.

Wanamchoma dawa kila siku. Wanasema dawa peke yake haitatosha. Mama, mimi hanisikii. Daktari hamsikii. Anakusikiliza wewe. Ulisema mwenye kuiweka ndiye mwenye kuifungua. Andika mstari mmoja tu umfungue. Nakuomba kwa magoti.

Bénédicte


Nakivale, 19 Mei 2025

Mukamwana Bénédicte,

Bwana asifiwe. Sisi tuko. Gradi ametoka jino la mbele, anapiga mluzi na hiyo nafasi mpaka kichwa kinaniuma. Maharage tumeanika, lakini mvua ilitukuta, ikabidi tuingize yote mu nyumba, tunalala katikati ya maharage. Madeleine amekuwa wa tatu mu darasa. Mbuzi ana mimba.

Venuste anasema barabara imeharibika mingi karibu na ziwa.

Kuhusu ile neno lingine, tunazidi kuomba.

Mama yako


Mbarara, 22 Mei 2025

Nabintu,

Leo sisalimu.

Nimesoma habari za maharage mara nne nikitafuta jina la mwanao ndani yake. Halimo.

Jana aliniita kwa jina la dada yake. Midomo yake ni ya bluu, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na mwili ni baridi. Bado anasukuma sahani.

Uliniuliza ni kitu gani walitoa. Ni bandama. Ilipasuka lori lilipombana, ndiyo iliyokuwa inamwaga damu. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utasema amerudi nusu mtu. Bandama inachuja damu, inakamata wadudu wabaya kabla hawajaenea. Wengine wakipondwa wanabaki nayo. Kizito hana. Baba mkwe alivunjika mguu mmoja akiwa kijana mwenye afya, akapona, na Mungu ashukuriwe. Kizito amepondwa kuanzia mbavu mpaka goti. Si ugonjwa mmoja, Nabintu, na wewe umempa dawa moja.

Najua unachoogopa. Unaogopa uso wa wale wazee wa chumba cha maombi. Ulitembea Base Camp yote ukisema amepona, na sasa utarudi kusema nini? Mimi naogopa kitu kingine. Naogopa kumleta kwenye gari akiwa amefunikwa.

Nina hasira na wewe. Nimekupenda miaka yote hii, umenifundisha kila kitu ninachojua kupika, na leo nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi, ona mwandiko. Akifa, wajukuu wako wakiniuliza baba yao alikufa na nini, nitawaambia alikufa na njaa, kwa kukutii.

Venuste ameahidi kukupa hii leo hii.

Bénédicte


Nakivale, 23 Mei 2025

Bénédicte,

Jina langu hakuna aliyeniita hivyo, peke yake, bila mama wala nini, toka baba mukwe wako alipokufa. Nilikuwa natwanga sombe. Niliacha muchi ndani ya kinu nikakaa.

Kweli niliogopa. Hapo umesema kweli, sitazunguka.

Nimeenda mu chumba cha maombi na barua yako, nikaisoma yote, hata fasi unanitukana. Kisha muzee wetu akasema nadhiri haivunjwi. Nikamwambia sivunji, nabeba. Toka leo mufungo wa Kizito uko ku kichwa changu mimi, pamoja na wangu. Akasema haijawahi kuonekana. Nikamwambia basi leo ameiona. Amenuna. Anune.

Venuste ananiuliza mufungo mbili mutu mumoja anazifunga namna gani. Nimeacha uji wa mchana, njo namna hiyo. Usianze kunihubiria, magoti yangu bado yananibeba.

Nimetuma samaki tano. Karatasi ndogo ni yake. Umusomee kwa sauti, na umuonyeshe mwandiko, juu ya kama hataona mwandiko wangu atadhani ni ujanja wako.

"Kizito mwanangu. Mimi mama yako niliyekuweka mu nadhiri, nimekutoa. Kula yai. Kula nyama. Kula samaki nimetuma na usiache kichwa. Ukisukuma sahani toka sasa unanisukuma mimi."

Nabintu


Mbarara, 10 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo mara nyingi. Pole na mifungo miwili. Pentekoste imepita juzi, tafadhali niambie kwamba umekula.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila siku nilikuwa nangoja nione kama nitaandika la furaha au la msiba. Nilimsomea karatasi yako. Aliomba kuiona. Akaishika karibu na uso, macho hayaoni vizuri, akasema, "Herufi ya N ni yake." Kisha akalia, mtu ambaye hakulia lori lilipombana. Nikampa supu ya samaki kwa kijiko, akatapika. Nikampa tena. Siku iliyofuata alimeza. Baadaye akakubali mrija, akakubali mayai ya kupondwa, maziwa, kila kitu, kwa uso wa mtu anayefanya kazi ngumu.

Juma moja halijaisha, akaanza kutetemeka kitanda kikilia. Nilimshika, alikuwa moto kama jiko. Nilipiga kelele kumuita Ntwari. Akampima, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hafanyi kamwe. "Mama, sasa inapigana," akasema. "Imechelewa lakini inapigana." Walimpiga picha, wakakuta usaha umejificha chini ya mbavu, wakautoa kwa bomba. Ulijaa chupa. Dawa wakabadilisha. Leo amekaa kwenye kiti, anakohoa kidogo, na amenigombeza kwa chumvi. Sijawahi kufurahia kugombezwa hivyo.

Wanasema mwezi ujao atarudi Nakivale kwa magongo. Na hapa, Mama, ndipo utulivu unaponikimbia tena.

Kwa sababu ya bandama. Wamemchoma chanjo, lakini wamenieleza wote wawili, daktari na Ntwari: maisha yake yote, homa kwake si homa ya mtu mwingine. Akipata moto wa asubuhi bila kutibiwa, jioni anaweza kuwa amekufa. Hakuna kungoja uone. Hakuna kumpa majani. Moto ukimshika, ni kliniki saa ileile, vitu vingine baadaye.

Mimi nitakuwa shambani Ngarama siku nyingi, lazima mtu alime. Homa itampata siku ambayo sipo, ndivyo mambo yalivyo. Atakuwa nyumbani kwako, na mlango wa chumba cha maombi uko karibu kuliko barabara. Nakupenda, nimekuita mama tena na sitaacha. Lakini nijibu hili, na usiniandikie mvua. Siku hiyo, utafanya nini kwanza?

Mkwe wako,
Bénédicte


Nakivale, 17 Juni 2025

Mukamwana wangu,

Bwana asifiwe. Nimekula. Bamama baliniletea kuku Jumapili, nikala paja na shingo, tumbo likashangaa. Batoto bazima, banahesabu siku za baba yao. Mbuzi amezaa mapacha, mumoja mweusi kabisa.

Nimekaa na swali lako. Niliandika jibu zuri, karatasi nzima, nikaapa mu jina la bote niliozika. Nikaisoma, nikaichana. Lilikuwa jibu la kukutuliza.

Kweli ni hii. Siku hiyo nitapiga magoti kwanza. Najua. Nimefanya hivyo toka nikiwa mutoto, risasi zikilia nilipiga magoti kabla ya kukimbia, na mama yangu alinivuta kwa nywele. Kichwa changu kimesikia mambo yote umeandika, ya bandama na ya asubuhi na jioni. Lakini magoti yangu siyaamini. Nitasema ni kidogo tu, neno moja tu na Mungu, na neno moja langu unalijua urefu wake.

Kwa hiyo Kizito hatakaa kwangu.

Niliandaa kitanda chake karibu na dirisha, nilishatandika. Nimekitoa. Nimeongea na Venuste, ana chumba nyuma ya duka, kando ya barabara ya kliniki, na pikipiki yake inalala palepale. Tumekubaliana. Venuste ni Mukatoliki, anaomba kwa ufupi. Moto ukimushika mwanangu, amuweke ku pikipiki, aende. Asipite kwangu kuniambia. Nimemukataza kabisa asisimame mbele ya mlango wangu, hata nikitoka, hata nikimuita kwa jina.

Nitaisikia pikipiki ikipita mbio, nitajua ni yeye. Hapo njo nitaanza kuomba.

Mama yako,
Nabintu